Simu ya milioni tatu imeingia ukungu, waranti wameikataa

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Nauza madera na mitandio mtandaoni hapa Tanga, na picha zote napiga kwa simu. Nilijikamua nikanunua toleo la juu kabisa la kampuni kubwa, shilingi milioni 3.2, kwenye duka moja Dar es Salaam, waranti mwaka mzima. Muuzaji aliniapia haiingii maji, ina IP68. Haikumaliza hata nusu mwaka, kamera ya nyuma ikafanya ukungu ndani ya kioo. Sijaitumbukiza popote. Kituo cha huduma walikaa nayo wiki kadhaa, kisha wakaniambia kwa mdomo tu: "Imeingia maji, waranti haihusiki." Kubadilisha kamera wanataka laki saba na nusu. Nimeumia sana. Nifanyeje? — Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana dada yangu. Pesa hiyo ni mtaji, na simu hiyo ndiyo duka lako, kwa hiyo usilipe hiyo laki saba na nusu kwanza. Wakishaifungua na kubadilisha kamera, ushahidi wako umeondoka nayo.

Hiyo IP68 ni alama ya kiwango cha kuzuia vumbi na maji: sita ni vumbi na nane ni maji. Simu hupimwa maabara ikiwa mpya, kwenye maji yasiyo na chumvi, yaliyotulia, na kampuni nyingi huandika kina cha mita 1.5 kwa nusu saa. Bahari, sabuni na mvuke wa jikoni havimo. Muuzaji hakukwambia hayo. Na kijitabu cha waranti chenyewe kwa kawaida kinasema madhara ya maji hayalipwi. Hili linaniudhi kila nikiliona: tangazo linaiuza simu kwa sifa ya kuhimili maji, waranti inaikana kwa maji hayo hayo.

Sasa chomoa kile kitrei cha laini, washa tochi, uchungulie ndani ya tundu. Simu nyingi zina kikaratasi kidogo cheupe humo, kikiguswa na maji kinageuka chekundu. Huenda ndicho walichokiona, wakafunga faili. Lakini wekundu ule unasema maji yamefika pale, basi. Hausemi yameingiaje. Kinachozuia maji ni gundi inayozunguka kifuniko cha nyuma na vioo vya kamera, pamoja na mpira mwembamba kwenye kitrei. Gundi ikipakwa vibaya kiwandani, unyevu utapenya bila wewe kuizamisha simu, na kikaratasi kitakuwa chekundu vile vile. Kwa simu iliyouzwa kama haiingii maji, tena changa hivyo, wao ndio wanaopaswa kueleza.

Kwa hiyo wadai taarifa ya uchunguzi kwa maandishi, na picha za ndani. Kutu iko wapi? Kama ubao wa ndani ni msafi na ukungu uko kwenye kamera peke yake, hoja yako ina nguvu kubwa. Wakikuonyesha kutu ya kijani kwenye tundu la chaji, nguvu inapungua, siwezi kukuficha.

Barua ya madai mpelekee aliyekuuzia. Wengi wanaishia kugombana na kituo, wakati pesa ilichukuliwa na duka. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaostahili, na waranti ya kampuni haifuti hilo kwa kuwa tu kituo kimekataa. Ambatisha risiti ya EFD na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe (bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu 15). Hakikisha inafanana na ya kwenye boksi. Angalia pia kama waranti yako inahusu Tanzania, maana simu zinazoletwa kutoka Dubai mara nyingine waranti yake haivuki eneo ilikokusudiwa kuuzwa, na hilo nalo muuzaji alipaswa kukwambia mapema. Andika ni nini aliahidi kuhusu maji. Kama mliongea WhatsApp, chapisha mazungumzo yale. Toa nakala mbili, yako agonge muhuri wa kupokea.

Akikaa kimya, peleka faili zima Tume ya Ushindani, FCC. Malalamiko ya walaji ni kazi yao chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Picha zako zihamishe leo, kabla simu haijarudi mezani kwa mtu yeyote. Na wakikuandikia hiyo taarifa ya uchunguzi, nitumie nakala niisome.