Ghala limejaa, watoto wamedumaa

SWALI: Mimi ni diwani mkoani Njombe. Mahindi na viazi tunavyo hadi vya kuuza, lakini tunaambiwa nusu ya watoto wetu wamedumaa. Afisa lishe tunaye. Tunakosea wapi?

JIBU: Mheshimiwa, kosa ni kumwachia afisa lishe peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu wa asilimia 30 nchini kwa watoto walio chini ya miaka mitano, Iringa 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha wengine! Kinachokosekana si magunia. Angalieni muda wa mama, maji, na nani anashika pesa ya mavuno; hayo zahanati haina uwezo nayo.

Mtoto wa miezi 9 anahitaji kula mara 3 hadi 4 kwa siku, mbali na kunyonya. Msimu wa kupanda mama huondoka alfajiri, mtoto akabaki na dada yake mdogo na uji mwepesi wa sembe. Kumhubiria mama huyo makundi ya vyakula ni kumchosha bure. Kituo cha kulelea watoto mchana, chini ya ustawi wa jamii, kitamfaa zaidi. Watu wa maji nao waanzie maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe kwa bomba toka mlimani, kwenye vitongoji vyenye kuhara kwingi. Rejista za zahanati zitawaonyesha ni vitongoji vipi.

Halmashauri zinatakiwa kutenga Sh1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano: watoto 20,000 ni Sh20 milioni. Kutenga ni rahisi. Fedha zikitoka Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, huishia kwenye semina na posho. Kila robo mwaka ulizia kiasi kilichotoka, si kilichopangwa.

SWALI: Kadi za kliniki zinaonyesha uzito mzuri. Huo udumavu ni wa kweli?

JIBU: Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Udumavu ni urefu mdogo kuliko unaostahili kwa umri. Mizani haiuoni, wala utepe wa kupimia unene wa mkono. Kituo kinahitaji ubao wa kupimia urefu. Aliye chini ya miaka miwili hupimwa amelala, aliyezidi hapo amesimama, bila viatu wala kofia. Magoti yakikunjwa, sentimita hupotea na mtoto asiyedumaa huandikwa amedumaa. Tarehe ya kuzaliwa isomwe kwenye kadi, isikisiwe: kosa la miezi miwili kwa mtoto mchanga hupotosha jibu lote.