Moteli za njiani Houston hadi El Paso

Dada unayeuliza mlale wapi mkitoka Houston kwenda El Paso na watoto, hiyo ni barabara kuu ya I-10, karibu kilomita 1,200 na zote ziko ndani ya Texas, msijaribu kumaliza siku moja jamani. Mkitoka asubuhi lengeni mji wa Fort Stockton, ni kama kilomita 800 hivi, moteli zipo kibao pale pale karibu na barabara, ila msiende kichwa kichwa maana upande ule kuna kazi za mafuta na wafanyakazi huwa wanajaza vyumba katikati ya wiki, kwa hiyo bukini mapema, na pigeni simu moteli yenyewe muulize bei ya mwisho na kodi, kwa sababu kodi ya jimbo peke yake ni asilimia 6 na mji unaongeza yake. Mkichoka kabla ya kufika hapo, miji ya Junction au Sonora iliyo njiani inatosha kabisa. Halafu mafuta ya gari jazeni Ozona, mji ulio kati ya Sonora na Fort Stockton, msisubiri taa iwake. El Paso saa iko nyuma kwa saa moja kuliko Houston, mjue mkipanga kufika.