Alisamu haikatai Nairobi, inakataa maji yaliyotuama

Dada uliyeuliza kuhusu alisamu, yale maua madogo yenye harufu ya asali, pole sana. Unasema ulinunua miche sita kwa wauza maua wa kando ya barabara mwezi wa nne, ukaipanda mbele ya nyumba huko Embakasi, ukainywesha kila jioni, na kabla ya wiki tatu ikawa manjano, mashina yakalegea, ikafa yote. Unauliza kama ua hili linafaa Nairobi. Linafaa kabisa. Kilichoiua miche yako ni maji.

Nasema hivyo kwa sababu na mimi yalinikuta hapa mtaa wa Utawala, na udongo wetu ni ule ule mweusi, unaonata kama ulimbo wakati wa masika na kupasuka jua likiwaka. Niling'oa mche mmoja nikaona: mizizi imekuwa ya kahawia, ukiivuta kati ya vidole inachubuka ngozi, na inanuka mtaro. Alisamu asili yake ni pwani za Mediterania, huko huota kwenye mchanga na nyufa za mawe. Sasa wewe ulikuwa unaongezea maji juu ya mvua.

Nilichofanya ni kuinua tuta, kama kina cha kiganja na nusu, kwa udongo mwekundu, mchanga wa mto na mboji kidogo. Samadi usimwage nyingi, utapata majani tu. Chagua mahali penye jua angalau nusu ya siku. Kabla ya kunywesha, ingiza kidole; kikitoka na unyevu, acha mpaka kesho.

Mara ya pili sikununua miche, nilipanda mbegu. Ni ndogo mno, basi changanya na mchanga mkavu, nyunyiza juu ya udongo uliolowa, gandamiza kwa kiganja, na usizifukie, zinahitaji mwanga ili ziote. Zangu zilichomoza siku ya sita. Baada ya miezi miwili hivi nilifungua dirisha asubuhi nikapokewa na harufu ya asali.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni makasi. Maua ya kwanza yakiisha, shina hurefuka, huku chini zinabaki mbegu bapa kama magamba madogo na maua yamebaki nchani tu. Hapo watu husema limezeeka, waling'oe. Mimi niliogopa kukata, nikajaribu upande mmoja wa tuta, nikapunguza karibu nusu ya urefu, nikanywesha. Kwa siku kadhaa ulionekana kama umeliwa na mbuzi. Wiki ya nne ulikuwa mweupe wote, na upande niliouonea huruma umekauka katikati. Siku hizi napogoa kila maua yakipungua, hasa baada ya joto la Januari na Februari.

Tena, kama una sukuma wiki, panda alisamu pembeni yake. Huja nzi wadogo wenye mistari ya manjano na nyeusi, utadhani nyuki, wanaelea hewani wamesimama pale pale. Hawaumi. Wanafuata chavua na asali ya maua, halafu wanataga mayai penye vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani. Nimegeuza jani la sukuma nikamwona funza wao, hana miguu, rangi ya kijani iliyopauka, amemnyanyua kidukari mmoja anamfyonza mpaka kikabaki kigozi. Tangu hapo sijapulizia dawa kwenye tuta lile. Ila kagua majani mara kwa mara, maana alisamu na sukuma ni ukoo mmoja, na viwavi wanaokula kabeji huila pia.

Usipande tena sasa hivi mvua ikinyesha. Inua tuta kwanza, ngoja mwisho wa mwezi wa tano ndipo unyunyize mbegu. Baridi ya Julai isikutishe, alisamu yangu huchanua vizuri zaidi wakati huo kuliko wa joto. Ukikwama, tuma picha ya mizizi, si ya majani.