Siku Nne Roma: Tuanzie Wapi?

Swali: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu, wakazi wa Jinja, tutakaa Roma siku nne mwezi Juni. Tutangulize sanaa au magofu?

Jibu: Ndugu msomaji, tangulizeni Kanisa Dogo la Sistina, Vatikani, ambamo Michelangelo alichora picha za darini kati ya 1508 na 1512; msiharakishe, kwa maana shingo huchoka kabla macho hayajashiba. Karibu na hapo, katika Basilika la Mtakatifu Petro, wafiadini wetu 22 wa Uganda walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Siku nzima itengeni kwa magofu ya Pompeii, mji wa kale karibu na Napoli, uliofukiwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79, ambako mitaa na matanuri ya mikate yangalipo. Vivuli ni haba, hivyo chukueni kofia na maji.