Mstari mmoja ukigeuka miwili katikati ya mbio

Mara ya kwanza ilinipata dakika ya 25 hivi ya kukimbia. Mstari mweupe niliokuwa nikiufuata uwanjani uliachana taratibu ukawa miwili, mmoja juu kidogo ya mwenzake. Nikapepesa macho, nikafuta jasho, wapi! Nilipoketi ukarudi kuwa mmoja. Nikajiambia ni uchovu, nikanyamaza miezi miwili. Hapo nilikosea sana.

Ikikupata, simama. Kisha, kabla haijapotea, funika jicho moja kwa kiganja, halafu la pili. Ikiwa kufunika jicho lolote kunaiondoa picha ya pili, basi macho yako hayaelekei mahali pamoja. Kila jicho lina misuli 6 inayoongozwa na mishipa 3 ya fahamu, na hitilafu yaweza kuwa popote humo. Ikiwa bado unaona viwili kwa jicho moja peke yake, mara nyingi shida imo ndani ya jicho hilo: konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho), lenzi, au ukavu tu. Tazama pia kama picha zimekaa ubavuni au juu na chini. Daktari aliniuliza yote haya, nami sikuwa na jibu hata moja.

Tena siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye foleni ya kumwona saa nzima, kwa hiyo macho yalikuwa sawa kabisa. Safari iliyofuata nilipanda na kushuka ngazi dakika 15 kabla ya kuingia. Naomba ufanye hivyo pia, lakini mweleze daktari mapema akukubalie. Safari hiyo aliliona jicho la kushoto likipanda juu polepole.

Nilipimwa miastenia, ugonjwa unaoifanya misuli ichoke upesi inapotumika na kupata nguvu ikipumzishwa. Nikapimwa tezi ya shingo, sukari, na MRI ya kichwa (picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku), maana kuna magonjwa ya mishipa ya fahamu ambayo dalili zake huzidi mwili ukipata joto. Majibu yote yalirudi safi. Nilishukuru, lakini kukaa na tatizo lisilo na jina kunachosha moyo.

Siku hizi naendesha baiskeli isiyotembea, feni ikiwa mbele yangu, dakika 10 kisha napumzika. Vyuma vizito sivinyanyui juu ya kichwa, na usukani siushiki mpaka nione kimoja. Muda, joto na usingizi wa jana yake naviandika kwenye daftari. Miwani ya prizimu, yenye vioo vinavyopinda mwanga ili picha mbili zikutane, tunaijaribu. Ngazi nazishuka vizuri zaidi nikiivaa.

Ila viwili vikija ghafla pamoja na kichwa kuuma vikali, kope kuanguka, mboni moja kupanuka, ulimi kuwa mzito, mkono kulegea, au shida ya kumeza au kupumua, achana na daftari. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na mtu mwingine aendeshe.