Kisu cha kukunja: kabla ya jina la chuma, tazama unene na pini

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kwa nini visu vyako vya kukunja vinalegea mapema, chuma gani ni bora, na kama kuna kisu kinachomfaa mtu anayetumia mkono wa kushoto. Waliotangulia kujibu wamekimbilia hilo la pili, wakakutajia D2, 440C, M390 na namba nyingine kibao. Mimi kazi yangu ni stoo. Kutwa nafungua katoni, nakata kamba za nailoni, mikanda ya plastiki ya kufungia mizigo na mipira ya maji. Visu vya wenzangu navyo vikigoma huishia mezani kwangu kunolewa na kukazwa. Kwa hiyo nitajibu kwa mpangilio wangu, na chuma kitasubiri.

Naanza na unene ambao hata hukuuliza, kwa kuwa hapo ndipo visu vingi vipya vinaponiudhi. Chukua kisu kilichotoka dukani, kikali cha kunyoa nywele za mkono, ukate nacho karoti nene. Kisu chembamba kinapita kimya hadi kwenye ubao. Kile kinene kinaingia robo tu, halafu karoti inalia "pwa!" na kupasuka yenyewe, vipande vinaruka huku na huku. Makali yalikata ile robo ya mwanzo, kilichobaki kimepasuliwa na kabari. Sasa hamishia jambo hilo kwenye katoni ngumu ya tabaka mbili. Unaona ubapa umezama kidogo kisha umekwama, mashavu yake yamebanwa na karatasi. Unasukuma kwa nguvu, na kisu kikija kuachia ghafla huwa hakichagui kinapokwenda.

Kinachohesabika ni unene wa ubapa pale juu kidogo tu ya makali, kabla ya ule mchinjo mdogo wa kunolea. Ukiwa kati ya milimita 0.3 na 0.5, kisu kinakata. Ukikaribia milimita 1, una patasi ya mfukoni. Na hapo ndipo watengenezaji wengi wa siku hizi wanapoharibu: mgongo wa milimita 3.5 au 4 kwenye ubapa mfupi kutoka mgongoni hadi kwenye makali, kiasi kwamba hakuna nafasi ya kuupunguza taratibu hadi kwenye makali. Kwenye picha kisu kinaonekana cha kibabe. Naelewa pia hofu yao, watu wanatumia ncha kubandulia makopo ya rangi, inavunjika, wanarudisha dukani. Lakini adhabu ya wanaobandua makopo tunaibeba sisi tunaokata.

Linganisha na Opinel namba 8, kisu cha Ufaransa ambacho ukoo wa Opinel ulianza kukitengeneza kule Savoie mwaka 1890. Ubapa wake wa sentimita 8.5 haufiki milimita 2 mgongoni, nao unashuka kidogokidogo hadi chini. Hakina mbwembwe. Mpini ni mti wa mviringo, komeo ni pete ya bati unayoizungusha, iliyoongezwa mwaka 1955. Kwenye karoti na katoni kinaaibisha visu vya bei mara kumi yake. Ubaya wake unajulikana: mti ukinyonya maji unavimba na kuubana ubapa ndani, wenyewe Savoie hugonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu ili ubapa utoke. Kazi yako ikiwa ya majimaji, tafuta chenye mpini wa plastiki.

Tuje kwenye kulegea. Umesema "kinacheza" bila kusema kinacheza vipi, na jibu lote liko hapo. Fungua kisu, shika mpini kwa mkono mmoja, ncha ya ubapa kwa vidole viwili vya mkono mwingine ukipitia upande wa mgongo. Tikisa kushoto na kulia. Kikicheza, tatizo ni pini, ile ambayo ubapa unaizungukia. Kisha tikisa juu na chini, kama unataka kukifunga na kukifungua kidogo sana. Kikicheza hivyo, tatizo ni loki, yaani komeo linaloushika ubapa ukiwa wazi, na hakuna kukaza skrubu kutakakoiponya.

Pini ya skrubu inalegea kwa sababu kila ukifungua na kufunga, ubapa unaizungusha kidogo. Kiwanda kinachojiheshimu kinachonga upande mmoja wa pini kuwa bapa, na tundu lake kwenye mpini linachongwa vivyo hivyo, ili isizunguke. Kiwanda kinachobana senti kinaweka pini ya duara kamili. Hapo utakaza hadi uchoke, upande wa pili unazunguka nawe. Nilikuwa na kimoja cha hivyo, mpini mzuri wa nyuzi za kaboni, sanduku lenye sumaku, kitambaa cha kufutia, na pini iliyohitaji bisibisi mbili kwa wakati mmoja kukazwa. Kila wiki. Pesa imeenda kwenye sanduku.

Dawa yake ipo. Fungua pini, safisha mafuta kwenye nyuzi zake kwa spiriti, weka tone dogo la gundi ya kuzuia skrubu kulegea, ile ya bluu (nyekundu usiiguse, siku ukitaka kufungua utalia), kaza hadi ubapa uache kucheza pembeni, rudisha nyuma kidogo mno hadi uzunguke bila kukwaruza, acha usiku kucha. Angalia tone lisiteremke kwenye washa, kile kisahani chembamba kati ya ubapa na mpini. Tumia bisibisi ya kichwa cha nyota ya saizi yake hasa, maana vichwa vya skrubu hizi ni vidogo na laini, ukikwangua kimoja ndiyo basi. Kisu chenye pini ya riveti, isiyo na skrubu, ni habari nyingine: kikilegea unagonga kichwa cha riveti polepole kwa nyundo ndogo juu ya chuma, kidogo kidogo, unajaribu kila baada ya kugonga. Ukizidisha, ubapa haufunguki tena.

Ndani ya pini kuna washa au beringi. Siku hizi kila mtu anataka beringi kwa sababu kisu kinafunguka "chwap" kwa kidole kimoja. Stooni kwenye vumbi la katoni na mchanga, vile vigololi vinasaga uchafu, na ule ulaini ulioulipia unageuka mkwaruzo. Washa za shaba zinafunguka pole pole zaidi na zinavumilia. Mimi nachagua shaba, wanaokaa kuchezea kisu mezani wachague beringi, kila mtu na raha yake.

Kwenye loki ndiko usalama wa vidole ulipo, kwa hiyo nivumilie. Kuna visu visivyo na loki kabisa, ubapa unashikwa na springi ya mgongoni tu. Victorinox ya Uswisi, kampuni iliyoanzia kwenye karakana ya Karl Elsener mwaka 1884, imeishi kwa mtindo huo. Kisu chake cha maofisa cha 1897 kilitumia springi moja kushika zana za pande mbili, ndiyo maana vifaa vingi vinatosha kwenye mpini mdogo. Kwa kukata ni salama, kwa kuchoma au kubandua hapana. Na pengine sheria ndiyo inayoamua: Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja kisicho na loki chenye makali yasiyozidi inchi 3 unaruhusiwa kutembea nacho, chenye loki unatakiwa uwe na sababu ya maana. Angalia sheria ya unapoishi kabla ya kununua.

Halafu kuna loki ya mgongoni, ile ya kubonyeza katikati au mwisho wa mpini. Ya kizamani, nzito kidogo, ila naipenda. Kuna Okapi, iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 na leo inatoka Afrika Kusini, yenye meno yanayolia "tra-tra-tra" ukifungua na pete ya kuvuta ili iachie. Na kuna hii iliyojaa madukani: bati jembamba ndani ya mpini linaloruka pembeni na kuegemea kitako cha ubapa. Ikitengenezwa vizuri haina neno. Ikitengenezwa hovyo ndiyo ya kuiogopa kuliko kukosa loki kabisa, kwa sababu unaiamini.

Namna ya kuikagua dukani: fungua kisu, kitazame kwa ndani. Lile bati liwe limeingia kwenye kitako cha ubapa angalau robo ya upana wake, lisiwe limegusa ukingoni tu. Likiwa limevuka hadi upande wa pili wakati kisu ni kipya, halina tena pa kwenda likianza kulika. Kisha vidole vyote vikiwa nje ya njia ya ubapa, bonyeza mgongo wake kwenye ukingo wa meza kwa nguvu ya kawaida. Ukisikia kitu kimesogea, rudisha kwa muuzaji. Ukiwa umekifunga, elekeza ncha chini na ukitikise kidogo: kuna kigololi kinachoushika ubapa usitoke mfukoni, nacho kwenye visu vya bei rahisi huwa dhaifu mno. Kisu kinachojifungua mfukoni sihitaji kukueleza ubaya wake.

Kero nyingine nazitaja kwa haraka. Rangi nyeusi kwenye ubapa, katoni inaikwangua mapema na kisu kinabaki na mabaka. Mpini wenye kona kali, unaokaa vizuri kwenye picha na kukuachia malengelenge. Ubapa usiokaa katikati ukifungwa, unakwangua upande mmoja. Na ile kona ya chini ya makali karibu na mpini isiyoachiwa kanafasi, ukinoa jiwe linagonga chuma kinene na sehemu hiyo inabaki butu maisha yote. Hii ya mwisho inaniudhi kuliko zote. Kuitibu kiwandani ni kuchonga kijishimo kidogo tu, lakini inaonekana waliochora kisu hawajawahi kukinoa.

Haya, chuma. Tofauti zipo, sikatai. Victorinox wanatumia chuma cha ugumu wa kama 55 hadi 56 kwenye kipimo cha Rockwell, kinapoteza makali mapema kuliko vyuma vigumu lakini unakirudisha kwa dakika chache, hata kwa kitako cha kikombe cha udongo kisichopakwa king'arishi. D2 inakaa na makali muda mrefu kwenye katoni, ila ina kromi ya kama asilimia 12 tu na sehemu kubwa ya hiyo imefungwa ndani ya chembe ngumu pamoja na kaboni, hivyo kutu inaipata ukiiacha na jasho. Na siku ikiwa butu, jiwe la kawaida utalisugua hadi ukate tamaa. 14C28N ya Sweden ndiyo nampa mtu asiyetaka mawazo: haishiki kutu ovyo, inanolewa kirahisi, inachukua makali laini sana.

Lakini jina lililochorwa ubavuni halikuambii kama chuma kilipashwa na kupozwa inavyotakiwa, na hapo ndipo ugumu unapotoka. Chuma cha kawaida kilichopikwa vizuri kinakishinda cha kifahari kilichoharibiwa tanuruni. Kuna na jambo watu hulichukulia kama kasoro ya chuma wakati si yake: makali ya kwanza ya kiwandani mara nyingi yamenolewa kwa mashine ya kasi, na ukingo ule mwembamba ukaungua. Kisu kinakuwa butu siku ya pili. Kinoe kwa mkono mara mbili tatu, ondoa ile tabaka, kisha ndiyo ukihukumu.

Mwisho, mkono wa kushoto. Kile kijishimo cha kucha kwenye ubapa karibu kila mara kiko upande wa gumba la mkono wa kulia, na ile loki ya bati imepangwa isukumwe na gumba hilohilo. Unaweza kuizoea kwa kutumia kidole cha shahada, ila ukikamata kwa nguvu kwa mkono wa kushoto kuna mipini ambayo vidole vyako vinaligusa bati na kulisogeza, hiyo ikatae. Loki ya mgongoni haijali mkono. Pete ya Opinel haijali. Ile ya kijiti kinachopita pande zote mbili cha kuvuta nyuma, ambayo Benchmade waliitoa mwaka 1998 na wengine wakaifuata, inakufaa sana, ila uwe tayari kubadilisha vijispringi vyake vya waya siku vikikatika. Kwa kufungua, tafuta ubapa wenye tundu la duara, wazo ambalo Spyderco walilitoa mwaka 1981 pamoja na klipu ya mfukoni, kwa kuwa tundu lina pande mbili. Hakikisha mpini una matundu ya klipu upande wa kushoto pia. Kama hauna na kisu kingine chote umekipenda, ng'oa klipu, rudishia skrubu zake ili uchafu usiingie, kitie mfukoni hivyohivyo.