Tuligeuka, na mvua haikunyesha

Mmeuliza wiki hii: "Je, umewahi kukatiza matembezi njiani, na hukujuta?" Nimewahi kukatiza. Kujuta nilijuta, kwa mwaka mmoja na miezi mitano.

Ilikuwa Aprili 2018, wakati wa Pasaka. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa amekuja kututembelea Nakuru kutoka Mombasa, nami nikataka kumwonyesha kuwa hata sisi wa bara tuna vya kutazamwa. Tukapanda matatu hadi Naivasha, tukabadilisha gari, kisha tukakodi baiskeli kwenye njia panda ya Hell's Gate. Hifadhi hii iliyoanzishwa 1984 ni kati ya zile chache nchini ambamo mtu anaruhusiwa kupita kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Nyati pia wamo, kwa hiyo usijifanye shujaa.

Karibu na lango kuna jabali limesimama peke yake, Fischer's Tower, lenye jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huko 1883. Wamaasai wana yao: ni binti aliyekuwa akipelekwa kwa mumewe, akakatazwa kugeuka nyuma, akageuka. Shemeji akasema huyo binti hana kosa, pengine alisahau kandambili.

Kandambili ndizo alizovaa yeye, ila tuyaache hayo.

Nilichomleta kuona hasa ni korongo la Ol Njorowa. Unaziacha baiskeli juu, unashuka kwa mikono na miguu, na ghafla mbingu inakuwa utepe. Kuta zimekatwa tabaka kwa tabaka, kahawia, kijivu, manjano, zikapindwapindwa kama leso iliyokamuliwa. Mahali pengine maji ya moto yanachuruzika ukutani. Shemeji akaapa kuwa hilo ni jiwe la mchanga kama lile la Marafa, kwao Kilifi. Kwa macho utamwamini. Lakini asili ya hili la kwetu ni volkano: majivu yaliyoanguka na kushindiliwa, kisha yakachongwa na maji ya Ziwa Naivasha la kale, lilipokuwa kubwa kuliko leo na kufurika kuelekea kusini. Yaani korongo lenyewe ni njia ya maji. Nilikuwa nikilieleza hilo kwa madaha, wala sikuwa nimelifikiria.

Tulikuwa tumetembea kama dakika ishirini hivi mwongozaji wetu, kijana wa Kimaasai, aliposimama. Juu yetu jua lilikuwa linawaka. Yeye alikuwa anatazama mbali, kule juu milimani, ambako wingu lilikuwa limekaa jeusi.

"Tunarudi," akasema.

Shemeji akacheka. Mimi nikaanza kuhesabu: nauli, kiingilio, baiskeli. Nikamwambia kijana kwamba huku hakuna hata tone. Hakubishana. Alinyoosha fimbo akaonyesha ufa ukutani, ambamo nyasi kavu na vijiti vilikuwa vimesokotana kama kiota. Havikuwa kiota. Maji ndiyo yaliyoviacha pale, na vilikuwa juu ya vichwa vyetu. Akatukumbusha Aprili 2012, vijana saba wa kanisa moja waliosombwa humo humo. Mvua ikinyesha huko juu, alisema, huku chini utasikia ngurumo kwanza, na ukishaisikia huna pa kupanda.

Tukapanda. Tukakaa juu na soda zetu tukingoja mafuriko, na ninaona haya kusema kwamba nilikuwa nayaombea yaje, angalau nisitoke mjinga. Hayakuja. Wingu likapita, korongo likabaki kavu kama mkeka. Shemeji alinicheka hadi Nakuru, na kila harusi na kila matanga baada ya hapo aliwasimulia watu jinsi bara tulivyokimbia jua.

Septemba 2019 maji yakashuka Ol Njorowa ghafla, yakaua watu saba, mwongozaji akiwa mmoja wao. Usiku ule shemeji alinipigia simu. Hata hakunijulia hali.

"Zile nyasi ukutani," akasema, "zilikuwa juu yangu kwa kiasi gani?"

Nikamwambia nilinyoosha mkono sikuzifikia, na yeye anajua mimi ni mrefu kumshinda.